Kibodi ya mpira isiyochosha vidole

Kibodi za mpira zimepakwa matope kwa miaka mingi, na nyingi zimestahili. Kidole kinazama, hakijui kimefika au bado, na jioni vifundo vinauma. Jina baya lilianza mapema: kompyuta ya ZX Spectrum ya Uingereza, mwaka 1982, ilikuja na vitufe vya mpira mtupu ambavyo mwandishi wa kasi hakuweza kuvizoea. Lakini Realforce na HHKB Professional za Japani nazo zina mpira chini ya kila kitufe, na watu huzilipia mara kumi ya bei ya kibodi ya kawaida bila kulalamika. Kwa hiyo mpira wenyewe hauna kosa. Kinachotofautisha kibodi tamu na mbovu ni mambo mawili: herufi inaandikwa wakati gani kitufe kikiwa kinashuka, na kitufe kinateleza vipi njiani. Yote mawili unaweza kuyapima kwa mkono kabla hujatoa hela.

Kilichomo chini ya kitufe

Kila kitufe kinakaa juu ya kikombe kidogo cha mpira kilichofunikwa kifudifudi. Chini ya vikombe kuna tando tatu za plastiki zilizopangwa pamoja. Ule wa juu na ule wa chini zimechapwa njia za umeme kwa wino wa fedha au kaboni. Wa katikati una matundu, tundu moja kwa kila kitufe, na kazi yake ni kuzitenga hizo mbili. Ukibonyeza, ukuta wa kikombe unakataa kwanza, kisha unabonyea ghafla. Ndani ya kikombe kuna ncha fupi ya mpira. Ncha hiyo inasukuma utando wa juu upite kwenye tundu, uguse wa chini, saketi ifungike. Ukiachia, mpira unajirudisha na kuinua kitufe.

Kwenye kibodi ya kimo cha kawaida safari nzima ni milimita 3.5 hadi 4. Ukinzani unafika kileleni katika milimita moja hadi moja na nusu ya mwanzo, unashuka, halafu unapanda tena kwa ukali kitufe kinapogonga chini. Herufi huandikwa karibu na mwisho wa safari. Hapo ndipo penye siri yote. Kama ncha inaugusa utando ukinzani ukiwa bado uko chini, kidole kinahisi kubonyea na herufi inatokea papo hapo, na ubongo unavihesabu kuwa tukio moja. Kama ncha ni fupi, au kikombe kimebonyea mapema mno, kidole kinaambiwa "tayari" kabla ya herufi kuwepo. Mwandishi anaanza kuruka herufi, na bila kujua anajifunza kupiga kwa nguvu ili awe na uhakika. Uchovu mwingi unatoka hapo. Uzito wa kitufe unalaumiwa bure mara nyingi.

Jambo la pili ni mguu wa kitufe. Kila kitufe kina mguu unaoteleza ndani ya bomba fupi la plastiki. Katika kibodi za bei ya chini mguu huo ni sehemu ya kofia ya kitufe yenyewe: unang'oa kofia, mguu unatoka nao. Katika zile zilizotengenezwa kwa uangalifu zaidi mguu ni kipande cha pekee kinachobaki ndani ya bomba, na kofia inachomekwa juu yake. Aina hii ya pili huwa laini zaidi kwa sababu mguu umekatwa kwa vipimo vya karibu na bomba lake, haulazimiki kufuata umbo la kofia. Urefu nao una maana. Mguu mrefu ndani ya bomba refu hauinami ukigusa pembeni mwa kitufe. Mguu mfupi chini ya kofia pana unainama, unasugua ukuta, na unakwama.

Hapo Realforce na HHKB Professional ziko kwenye kundi lao. Swichi zake, zinazotengenezwa na Topre, hazitumii utando wa kugusana. Chini ya kikombe cha mpira kuna springi ndogo ya umbo la pia, na bodi inapima badiliko la umeme springi inapobanwa. Herufi inaandikwa katikati ya safari bila kitu kugusana, ndiyo maana zinasifiwa. Springi hiyo haibebi uzito wowote wa maana. Unachohisi kidoleni ni mpira tu. Topre hutoa vikombe vya gramu 30, 45 na 55, na modeli nyingine zina uzito tofauti kwa kila kidole. Angalizo la bure: HHKB Lite 2 ina jina la ukoo huohuo lakini ndani ni utando wa kawaida. Usilipe bei ya Topre kwa ajili yake.

Kuipima ukiwa umeishika

Fungua programu yoyote ya kuandikia. Chagua kitufe kimoja, kibonyeze polepole sana huku macho yako yakiwa kwenye skrini. Kibodi nzuri: kitufe kinabonyea na herufi inatokea kwa pamoja, huwezi kuvitenga hata ukijaribu. Kibodi mbovu: unahisi kubonyea, skrini kimya, unaongeza nguvu, ndipo herufi inakuja. Jaribu vitufe sita au saba vya sehemu mbalimbali, kwa sababu tando hulegea katikati na kubana pembeni. Kipimo hiki kimoja kinakuambia mengi kuliko maandishi yote ya kwenye boksi.

Kisha bonyeza kwenye kona. Gusa ncha ya juu kushoto ya kitufe, kisha ncha ya chini kulia. Kinatakiwa kushuka bila kukwaruza. Mlio wa mkwaruzo, au kitufe kushuka upande mmoja kwanza, ni mguu unaoinama. Grisi inapunguza hilo lakini hailiponyi.

Vitufe vipana vinahitaji jicho lao. Spesi, Enter, Shift na kile cha kufuta vina waya wa chuma unaovisawazisha ili vishuke sawa kokote utakapogusa. Bonyeza spesi kwenye ncha yake ya kushoto kabisa, halafu ya kulia. Ikiwa upande mmoja unakataa, waya umetoka kwenye ndoano yake au umepinda. Kama umepinda, uweke juu ya kioo uone unapobembea, unyooshe kwa koleo. Spesi nzito kuliko vitufe vingine si hitilafu: baadhi ya viwanda huiwekea kikombe kigumu zaidi kwa makusudi, kwa kuwa kidole gumba kina nguvu. Ila ikizidi sana utaichukia ndani ya wiki.

Shika kibodi kwa ncha zake mbili uipinde kama unakamua nguo, kwa upole. Ikilia na kujikunja, ndani hakuna bati. Kibodi yenye bati la chuma chini ya tando hukaa imara na kitufe kikifika chini kinagonga kitu kigumu, sauti inakuwa nzito na fupi. Isiyo na bati inanesa katikati, na mneso huo unakula ule mshtuko mdogo unaomwambia kidole kwamba kazi imekwisha. Uzito mkononi ni dalili ya haraka, japo wapo wanaoweka kipande cha chuma kwa ajili ya uzito tu, kisichofunika tando. Kuipinda ndiko kunakofichua.

Kama kibodi ni ya mtumba, anza na A. Kwa anayeandika Kiswahili hicho ndicho kitufe kinachopigwa kuliko vyote, na I kinakifuata kwa karibu. Kwa aliyekuwa akiandika Kiingereza ni E. Linganisha A na kitufe cha jirani kisichoguswa sana, kama Q. Ikiwa A ni laini waziwazi, vikombe vimechoka. Ikiwa vyote ni vigumu na havibonyei kwa ghafla, mpira umezeeka na kukauka. Silikoni inahimili miaka vizuri kuliko mpira wa kawaida, na kwenye baridi haikazi sana.

Mwisho, shika Shift zote mbili kwa pamoja uandike alfabeti nzima. Herufi zitakazokosekana zinakuonyesha mpangilio wa njia za umeme. Kibodi hizi zinasoma vitufe kwa safu na mistari. Vitufe vitatu vikikaa kwenye kona tatu za mstatili, kibodi haiwezi kujua kama cha nne nacho kimebonyezwa, kwa hiyo inakataa cha tatu. Kwa uandishi wa kawaida hilo si la kukunyima usingizi. Kwa michezo, au kwa mtu mwenye amri za vitufe vitatu anazotumia kutwa, lipime kwa amri zake mwenyewe.

Uzito kwa namba

"Nyepesi" na "nzito" ni maneno ya kila mtu na vidole vyake, kwa hiyo heri kupima. Njia ya kwanza: weka kisanduku kidogo juu ya mizani ya jikoni ya dijitali ili kibodi isifunike namba, weka kibodi juu yake, rudisha mizani kwenye sifuri. Bonyeza kitufe kwa upande wa raba wa penseli, taratibu. Namba itapanda, itafika kileleni, kisha itaanguka. Andika kilele na andika ilipoangukia. Mizani nyingi zinasoma kwa kuchelewa, hivyo rudia mara tano na uchukue ya katikati.

Njia ya pili ni ya uhakika zaidi kwa kilele: weka kikopo chepesi juu ya kitufe, ongeza nati na washa ndogo moja moja hadi kitufe kidondoke, kisha pima kikopo na vilivyomo. Usitumie mchanga wala chumvi. Punje ikiingia kwenye bomba utaisikia kila siku.

Kilele cha kibodi nyingi za mpira huwa kati ya gramu 45 na 70. Namba inayonivutia zaidi ni ya pili, ile ya baada ya kubonyea. Kitufe kinachofika gramu 60 kikaangukia 30 kimepoteza nusu, na kidoleni kinahisi kama kimekatika: safi. Kinachofika 60 kikaangukia 45 kimepoteza robo tu. Hicho ndicho kinachoitwa tope. Ndiyo maana kibodi ya gramu 65 yenye mwanguko mkubwa inaweza kuchosha kidogo kuliko ya gramu 45 isiyo na mwanguko. Watu wanaokimbilia uzito mdogo peke yake hununua kibodi ambayo vidole vikipumzika tu juu yake inajiandika.

Wapo watengenezaji waliolichukulia jambo hili kwa uzito. Key Tronic ya Marekani ilitengeneza kibodi za mpira zenye uzito unaotofautiana kwa kidole, kuanzia gramu 35 kwa kidole cha mwisho hadi 80 kwa spesi. Fujitsu ilikuwa na Libertouch, yenye springi pamoja na mpira, na mtumiaji aliweza kubadilisha vikombe kati ya 35, 45 na 55. Zote mbili zinafaa kutafutwa zikitokea kwenye mitumba. Kwa upande wa kawaida, Cherry G83 na Dell SK-8115 ni mifano ya kibodi za kimo kamili ambazo bado zinaonekana kwa wingi zikiwa zimetumika. Logitech K120, ambayo mtengenezaji anaikadiria mibonyezo milioni 10 kwa kitufe, ina vitufe vifupi zaidi na sahani ya plastiki. Ni ya kuaminika, ila usiitarajie ikupe mguso wa zile ndefu.

Jihadhari na jina la modeli peke yake. Modeli moja inaweza kutoka kwenye viwanda viwili, ndani zikiwa tofauti kabisa. Geuza kibodi usome namba ya sehemu. Kwenye za zamani kuna pia FCC ID, namba ya usajili ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani: herufi tatu au tano za mwanzo zinamtaja aliyeisajili, na mara nyingi huyo ndiye aliyeitengeneza hasa, hata kama jina la mbele ni la mwingine. Maneno ya kwenye boksi kama "mguso wa mekanika" hayana maana ya kiufundi. Kwa kawaida ni utando uleule wenye kofia ndefu na taa.

Kuifufua ya mtumba

Ng'oa kofia kwanza kwa kivuta cha waya, ukivuta wima. Vipana vinyanyue upande mmoja kidogo uone waya umeshika wapi kabla ya kuvuta. Kofia zikae saa chache kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, zisizidi nyuzi 50, zisuuzwe na zikauke siku nzima kivulini. Asetoni isikaribie: inayeyusha plastiki ya ABS na kufuta herufi.

Igeuze kibodi kifudifudi kabla ya kufungua skrubu, vinginevyo vikombe vya mmoja mmoja vitatawanyika sakafuni. Skrubu hujificha chini ya lebo na chini ya miguu ya mpira. Ukikuta vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa kwa joto badala ya skrubu, acha hapohapo. Ukivivunja tando hazitabanwa tena sawasawa. Piga picha kila hatua.

Vikombe vinaoshwa kwa maji na sabuni. Tando haziloweshwi kamwe. Maji yakiingia kati ya plastiki mbili hayatoki, na wino wa fedha unaota kutu nyeusi. Futa nje tu kwa kitambaa chenye unyevu. Pale utando unapokutana na bodi ya saketi kuna vidole vya kaboni, yaani vistari vya kupitishia umeme. Vipitishe raba laini ya penseli mara mbili tatu bila kukandamiza, upande wa bodi ufute kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Safu nzima ya vitufe ikifa kwa mpigo, chanzo huwa ni hapa au ni njia moja iliyokatika, si vitufe vyenyewe. Njia iliyokatika inaonekana ukiinua utando kwenye mwanga, na inaunganika kwa wino wa fedha unaopitisha umeme ukiziba pembeni kwa selotepu. Tando zilizounganishwa kwa gundi usizibandue. Wino utabaki upande usiotakiwa.

Kama vikombe ni vya mmoja mmoja, hamisha: kilichochoka chini ya A kiende chini ya Scroll Lock au Pause, na kile kisichoguswa kije chini ya A. Kama vikombe vyote vimeungana katika shuka moja, hamna la kufanya zaidi ya kutafuta kibodi pacha iliyokufa uichukulie shuka lake.

Grisi ndiyo inayobadilisha kibodi ya wastani kuwa ya kufurahisha, na ndiyo inayoharibu ikizidi. Tumia ya mafuta ya sintetiki ya PFPE yenye unga wa PTFE (Tefloni), kama Krytox GPL 205 daraja la 0. Haiushambulii mpira wala silikoni. Vaselini na mafuta ya petroli huvimbisha mpira wa kawaida, grisi ya silikoni huvimbisha vikombe vya silikoni, na WD-40 inasafisha kisha inakauka ikiacha ukavu uleule. Chovya brashi nyembamba ya rangi, ifute pembeni mwa chombo, pitisha kwenye kuta za mguu zinazogusa bomba. Mguu ung'ae kidogo tu. Ukiona weupe umezidi. Kwa vitufe 104 hutamaliza hata gramu moja. Ndani ya kikombe na juu ya utando isiguse kabisa. Ndoano za waya wa spesi ndizo pekee zinazostahili tone nono, na hapo kelele ya kugongana inaisha.

Unapofunga, kaza skrubu za katikati kwanza, kisha toka kwenda pembeni kwa kupishanisha, bila kumalizia yoyote hadi zote ziwe zimeshika. Baada ya hapo rudia kile kipimo cha polepole, kitufe kwa kitufe. Vitufe vya katikati visivyoandika mpaka uvikandamize vinaonyesha skrubu ya katikati imelegea na tando zimeachana na bati. Herufi inayojirudia yenyewe bila kuguswa inaonyesha kinyume chake: skrubu ya jirani imekazwa mno, tando zinagusana. Ilegeze robo mzunguko, ujaribu tena.